Mguu Unaotafuta Breki: Tiba ya Mwili na Ndoto kwa Aliyepatwa na Kiwewe

Saa tisa usiku mama mmoja anagutuka. Shuka limelowa jasho, moyo unamwenda mbio, na mguu wake wa kulia umekakamaa, umekandamiza godoro kwa nguvu zote. Miezi minane iliyopita alikuwa abiria kwenye basi la mkoani lililoacha njia na kupinduka. Hajawahi kushika usukani maishani mwake. Lakini kila basi linapoanza kuyumba ndotoni, mguu wake unatafuta breki.

Mama huyu nimemtunga ili tuwe na mtu wa kumfuata katika maelezo haya. Mguu wake, hata hivyo, ni wa watu wengi. Kaa na manusura wa ajali, wa vita au wa ubakaji, utawasikia wakisimulia jinsi wanavyoamka wakisukuma ukuta, wakijikinga uso kwa viwiko, au wakitaka kupiga kelele na sauti haitoki.

Nyumbani kwake kila mtu ana neno. Shemeji amemletea kijitabu cha tafsiri ya ndoto, aina ile inayouzwa nje ya misikiti na kwenye stendi za mabasi. Humo safari ina maana yake na kuanguka kuna maana yake. Dada yake anashuku kuna mkono wa mtu. Jirani anataka aombewe. Wote wanampenda, na wote wanauliza swali moja: ndoto hii inasema nini? Kwa ndoto ya kiwewe, swali hilo halimfikishi mtu mbali. Tiba nitakazozieleza hapa zinaanza na swali jingine: mwili wako unafanya nini ndoto inapokujia, na unataka kufanya nini ambacho siku ile haukuweza?

Tuanze na kiwewe chenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku, aliyeingiwa na kiwewe haoni wala hasikii, anakimbia asikokujua. Wataalamu wamelichukua neno hilo na kuliongezea maana: jeraha linalobaki moyoni na mwilini tukio likishapita. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuingiza rasmi ugonjwa huu kwenye mwongozo wake, kwa msukumo mkubwa wa yale waliyokuwa wakiyapitia askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Ndoto za tukio lilelile zilikuwamo kwenye orodha ya dalili tangu mwanzo, pamoja na kushtuka kwa kila mlio na kukwepa kila kinachokumbusha.

Hatari inapotokea, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga king'ora kabla hata hujajua umeona nini. Adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huongeza kasi, tumbo husimamisha kazi zake, na damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Yote mawili yakishindikana, linabaki la tatu, kuganda. Mama yetu alikuwa amebanwa kati ya viti viwili. Mapaja yake yalipokea amri ya kukimbia na hayakuwa na pa kwenda.

Kiswahili kiliyajua haya kabla ya maabara. Mwenye hofu ana tumbo joto. Waliopanda gari bovu walisafiri roho mkononi. Habari mbaya hukata maini, miguu huisha nguvu, mwili husisimka, na aliyezidiwa hufa ganzi. Majirani zetu wa Rwanda wana neno ihahamuka, linalobeba picha ya mtu aliyeishiwa mapafu: kifua kimeziba, pumzi haiingii, mtu anaanguka. Manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994 walianza kulitumia kwa hali inayowapata, na kila Aprili, msimu wa kumbukumbu, hali hiyo huwarudia wengi kwa nguvu. Kwa hiyo mtu wetu anapofika zahanati na kusema mwili mzima unauma, kichwa kinagonga na kifua kimebana, akapimwa malaria isionekane, akarudishwa na vidonge vya maumivu, hakuwa anadanganya wala kukwepa swali. Alikuwa anaeleza kiwewe kwa lugha aliyorithi.

Sasa twende usiku. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambapo macho ya aliyelala huchezacheza haraka chini ya kope. Walipomwamsha mtu wakati huo, mara nyingi walimkuta akiota. Baadaye ikajulikana kwamba katika kipindi hicho shina la ubongo huzima karibu misuli yote, isipokuwa ile ya macho na ile mikuu ya kupumulia, ili mtu asitende anachokiota.

Hapo ndipo linapoingia jinamizi. Akili ikitangulia kuamka kabla misuli haijawashwa, mtu anajikuta macho lakini hawezi kuinua hata kidole, kifua kizito kama kimekaliwa, na mara nyingi anahisi kuna kitu chumbani. Sisi tunasema amekabwa. Wakambodia waliokimbilia Marekani baada ya utawala wa Khmer Rouge husema wamekandamizwa na mzimu. Devon Hinton, daktari wa akili aliyewatibu huko Massachusetts, alionyesha jinsi hali hiyo inavyowaandama zaidi wale wenye kiwewe. Watu wa pande mbili za dunia, maneno karibu yaleyale, kwa sababu kifua ni kilekile.

Utauliza: kama misuli imezimwa, mguu wa mama unakanyagaje godoro? Usingizi wa mwenye kiwewe umekatikakatika. King'ora kinaendelea kulia chinichini, kinamwamsha katikati ya ndoto misuli inapowashwa, na ndoto za kiwewe huweza kuja hata nje ya kipindi kile cha macho kucheza. Usingizi ambao ungepaswa kuwa mapumziko ya mwili unageuka zamu ya ulinzi.

Ernest Hartmann, mtafiti wa ndoto wa Boston, aliliona jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa mada hii yote. Mtu aliyenusurika moto anaweza kwa siku kadhaa kuota moto. Kisha, akiwa anapona, ndoto inaanza kubadilika: sasa anaota wimbi kubwa la bahari linamfunika. Moto umeondoka, hofu imebaki, imevaa picha nyingine. Baadaye wimbi linachanganyika na mambo ya zamani, na shangazi aliyefariki, na shule ya msingi, mpaka linakuwa ndoto tu kama ndoto nyingine. Ndoto inayobadilika ni ndoto inayofanya kazi. Ya mama yetu haibadiliki. Basi lilelile, kona ileile, miezi minane. Imekwama kama kanda kwenye redio ya zamani, na tiba kazi yake ni kuikwamua.

Waliotengeneza njia za kufanya hivyo walitoka pande tofauti. Eugene Gendlin alizaliwa Vienna mwaka 1926 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1938, Wanazi walipoingia Austria, alikimbia na wazazi wake. Alisimulia baadaye kwamba njiani baba yake alikataa kumwamini mtu mmoja aliyejitolea kuwasaidia, kwa sababu hisia yake ilimwambia hapana. Mtoto akabaki anajiuliza, hisia hiyo iko wapi na inajuaje? Alipokuwa mwanafalsafa Chicago, akifanya kazi na mwanasaikolojia Carl Rogers, swali lilimrudia kwa sura nyingine: kwa nini baadhi ya watu hupona kwa mazungumzo na wengine hawaponi? Katika rekodi za vikao vya tiba, tofauti haikuonekana sana kwa mtaalamu. Ilionekana kwa mgonjwa. Waliopona walikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya sentensi na kutafuta: "Ni kama… hapana, si hasira… kuna kitu hapa kifuani, kama fundo…" Walikuwa wanauliza mwili na kungoja ujibu. Gendlin akaufanya utulivu huo kuwa mbinu inayofundishika, akaieleza kwa watu wa kawaida mwaka 1978, na mwaka 1986 akaandika jinsi ya kuitumia kwa ndoto. Msimamo wake ulikuwa kwamba tafsiri ya ndoto hata iwe nzuri namna gani, kama mwili wa aliyeota haukupumua kwa nafuu ulipoisikia, bado si yake.

Peter Levine, naye Mmarekani, alifika kwa mlango wa mwili zaidi. Anasimulia kwamba mwaka 1969 alikuwa akimsaidia mwanamke mwenye hofu kali aliyeanza kuzidiwa mbele yake. Ghafla Levine akaona picha ya chui mkubwa mwenye milia akija kurukia, akamwambia mwanamke yule akimbie. Miguu yake ikaanza kwenda kama anayekimbia akiwa palepale alipo, mwili ukatetemeka, ukapata baridi na joto, na akakumbuka alivyoshikwa kwa nguvu na kupewa dawa ya usingizi alipokuwa mtoto, siku aliyofanyiwa upasuaji wa koo. Utaona kwamba chui yule ni ndoto ya mchana. Picha ilifungua njia, miguu ikapita. Miaka iliyofuata Levine mwenyewe aliona kwamba kumrudisha mtu ghafla namna ile ni hatari, ndipo akasisitiza mambo mawili: tone kwa tone, na kubembea. Unagusa kidogo kile kinachotisha, unarudi mahali penye nafuu mwilini, unagusa tena.

Kikao chenyewe hakina la ajabu la kutazama. Mnasihi hamwambii mama alale wala afumbe macho, maana kwa mtu wa kiwewe giza laweza kuwa basi tayari. Anamwomba aangalie chumba, ataje vitu vichache anavyoviona, ahisi visigino vyake vikigusa sakafu. Kisha anamuuliza mwilini ni wapi pana afadhali. Mama anafikiri. Mikono, anasema. Imelala mapajani, ina joto zuri. Hapo ndipo nyumbani kwa siku ya leo.

Ndipo ndoto inaletwa, na haianzii kwenye kona. Gendlin alifundisha kwamba kabla hujaikabili sehemu ya kutisha, tafuta ndani ya ndoto hiyohiyo kitu chenye uhai, kitu kinachosaidia. Mama anasema kuna mtoto kiti cha pembeni, amepakatwa, anakula chungwa, maji yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Anatabasamu anapolitaja. Mnasihi hamharakishi. Wanakaa na chungwa lile mpaka mabega ya mama yanashuka.

"Sasa basi linaanza kuyumba kidogo tu. Mguu unasemaje, mama?"

"Umekaza, mwanangu."

"Usiuzuie. Kandamiza sakafu, lakini polepole, kama unakanyaga udongo wa kukandika nyumba. Unausikia msuli wa paja?"

Anausikia. Paja linatetemeka, mtetemo unapanda hadi kiunoni, anashusha pumzi ndefu, anapiga mwayo. Mnasihi anamrudisha kwenye mikono yenye joto, kwenye chungwa. Wanarudia mara moja au mbili, na kwa siku hiyo imetosha. Basi halikupinduka kikaoni. Hakuna aliyemlazimisha asimulie maiti alizoziona. Kilichotokea ni kwamba mguu, kwa mara ya kwanza tangu ajali, ulikandamiza ukakuta sakafu imara.

Njia ya tatu ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi kwa upande wa ndoto, na ni rahisi kiasi kwamba watu huidharau. Mgonjwa anachagua ndoto mbaya, anaibadilisha apendavyo akiwa macho, kisha kila siku kwa dakika chache anaipitia ile mpya kichwani kama mtu anayefanya mazoezi ya shairi. Hiyo tu. Barry Krakow na wenzake waliipima huko New Mexico, Marekani, kwa wanawake 168, karibu wote wakiwa wamepitia ubakaji au shambulio jingine la kingono, na matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliofundishwa walihudhuria vikao vitatu tu. Baada ya miezi mitatu hadi sita, ndoto zao mbaya zilikuwa zimepungua na usingizi umeboreka, na hata dalili za mchana zilishuka, wakati wale waliokuwa bado kwenye foleni ya kusubiri walibaki karibu palepale. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kiliitaja kuwa tiba inayopendekezwa kwa ndoto za kutisha za kiwewe.

Nina sababu ya kuipendekeza kwa watu wetu hasa. Waislamu wamefundishwa adabu ya ndoto mbaya: ukiamka, tema kushotoni mara tatu bila mate mengi, jikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari ya shetani, geuka ulalie ubavu mwingine, na usimsimulie mtu. Kuna manusura wanaokwepa unasihi kwa sababu ya hilo la mwisho, wakidhani watalazimishwa kusimulia. Mbinu hii haiwalazimishi. Kinachoandikwa na kurudiwa ni ndoto mpya; ya zamani yaweza kubaki kati ya mtu na Mola wake. Tena tazama adabu yenyewe: pumzi inatolewa, mwili unageuzwa. Bibi zetu walikuwa wanaushughulikia mwili kwanza. Anayetaka kuombewa na aombewe pia, kwani hakuna kikao kati ya nilivyovieleza kinachogongana na sala.

Lazima nitenganishe kilichothibitika na kinachosimuliwa. Mazoezi ya ndoto mpya yamepimwa mara nyingi. Njia ya Levine imepimwa kidogo. Utafiti mmoja wa Israeli uliochapishwa mwaka 2017, wenye watu 63, uliipa matokeo mazuri, lakini watu 63 ni wachache. Maelezo ya Levine kwamba wanyama wa porini hawapati kiwewe kwa kuwa hutetemeka na kukikung'uta yanapendeza masikioni kuliko yalivyothibitishwa. Kazi ya Gendlin juu ya ndoto inasimama zaidi kwenye uzoefu wa vikao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilipendekeza kwa watu wazima tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, na ile ya kuongoza macho huku na huku mtu akishika kumbukumbu akilini. Hizo ndizo za kutangulia pale zinapopatikana, na tiba za mwili na ndoto hukaa vizuri kando yake.

Kabla ya yote, uliza dawa. Efavirenz, iliyokuwa kwa miaka mingi kwenye mchanganyiko wa kwanza wa ARV katika nchi zetu, inajulikana kwa kuleta ndoto kali. Mefloquine ya malaria pia. Mtu anaweza kuchimbua utoto wake mwaka mzima kumbe ni kidonge cha usiku. Usikiache mwenyewe, mwambie daktari, kwani zipo nyingine za kubadilisha. Na anayepiga mateke na ngumi usingizini mara kwa mara, hasa mzee, huenda ana tatizo la misuli kutozimwa ipasavyo, na hilo ni la daktari wa neva.

Jambo la kugusana nalisema bila kulainisha. Tiba ya mwili haihitaji mtu akushike. Unaweza kuimaliza yote ukiwa umekaa kwenye kiti chako na mnasihi kwenye chake. Anayesisitiza kukugusa ukiwa hutaki, au anayekuambia kukataa kwako ndio ugonjwa wenyewe, mwondokee siku hiyohiyo. Na kama anayekutia hofu bado unalala naye nyumba moja, king'ora cha mwili wako hakijakosea. Hapo la kwanza ni kupata mahali salama, ndoto zitasubiri.

Ukienda hospitali, iwe ni Muhimbili, Mathari, Butabika au ya wilaya yako, usiseme tu "silali". Sema unaota tukio lilelile, mara ngapi kwa wiki, tangu lini, na mwili unafanya nini unapoamka. Sentensi hizo nne zinaweza kukutoa kwenye foleni ya malaria na kukufikisha kwa anayehusika.

Mama yetu alipoambiwa aibadilishe ndoto yake apendavyo, alicheka kwa aibu, kisha akafikiri kwa muda. Katika ndoto mpya, basi lile kubwa linapokaribia kona linageuka kuwa daladala ya mtaani kwake, ile anayoipanda kila alfajiri kwenda sokoni. Anaita, "Shusha!" Konda anagonga bodi mara mbili. Gari linasimama. Anampokea mtoto na chungwa lake, kisha anashuka, akitanguliza mguu wa kulia.